Tuambieni Siku ya Mwisho

Dada zetu wa visiwani. Leo tunawaandikia kutoka Kasulu, huku magharibi kwenye baridi na udongo mwekundu. Sisi ni mafundi cherehani wanne, wawili wa Kasulu na wawili wa Kibondo. Ushonaji tulisoma pamoja na duka letu ni moja.

Tuna neno na ninyi mnaoendesha hoteli na nyumba za wageni, maana wengi wenu ni wanawake wenzetu.

Mwaka mmoja watatu kati yetu tulikuja huko mwezi wa sita, kazi ya msimu. Tuliwekwa chumba cha kufulia: kushona shuka zilizochanika, mapazia, sare za wahudumu, na wageni wakijaa tunakunja mataulo hadi usiku. Mshahara tulipata, chakula tulikula. Tulichokosa ni tarehe. Kila tulipouliza kazi inaisha lini, jibu lilikuwa "nyie mpo tu". Mwezi wa pili wageni wakaanza kupungua, tukauliza tena. Mpo tu. Mwisho wa mwezi wa tatu, masika yameshaanza, tukaitwa asubuhi tukaambiwa hoteli inafungwa, tutapigiwa simu. Nauli juu yetu.

Mtu wa pwani ataona ni jambo dogo. Kwetu mwezi wa pili na wa tatu ndipo yanapopandwa maharage. Tulifika nyumbani wa nne, wenzetu wanapalilia. Mwaka ule tulinunua maharage sokoni, sisi watu wa Kasulu! Kuna mama jirani anatutania mpaka leo.

Afadhali sisi tulikuwa na akiba ya nauli. Kutoka huko hadi hapa ni boti, kisha basi zaidi ya kilomita 1,000. Binti asiye na nauli anatafuta pa kulala, na mnajua wenyewe ni nani humfungulia mlango.

Kinachotuuma ni kwamba misimu yetu haigombani. Huku mvua huanza Oktoba. Juni hadi Septemba ni kiangazi, shamba limelala, na ndiyo miezi Nungwi na Paje zinajaa wageni. Binti anaweza kuja Juni akarudi Oktoba na pesa ya mbegu na mbolea. Hata anayebaki hadi Februari atawahi maharage, mradi aambiwe mapema.

Babu zetu Waha walikwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba. Ofisi ya wenye mashamba, SILABU, iliyoanzishwa 1944, ilikuwa ikikusanya vijana na kuwapeleka huko. Hatuusifu mkonge hata kidogo, wengine hawakurudi. Lakini manamba alikuwa na kipande cha siku 30, akijua zimebaki ngapi. Sisi wajukuu tulikuwa hatujui.

Mtasema wageni hawatabiriki. Sawa, lakini masika je? Yameanza jana? Sisi wenyewe tunaishi kwa msimu: Januari ni sare za shule, halafu sikukuu. Tukimchukua binti wa kutusaidia Desemba, tunamwambia siku ile ile kwamba shule zikifunguliwa kazi imekwisha. Hanuni. Anajipanga.

Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira ya 2005 na mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF. Lakini binti asiye na karatasi mkononi atasimama wapi kudai? Karatasi moja yatosha: siku ya kuanza, siku ya kumaliza, mshahara, nauli ya kurudi ni ya nani.

Juni hii wanafunzi wetu wawili wanakuja huko. Tumewafundisha kuuliza maswali hayo kabla ya kupanda basi. Mmoja amejibiwa juzi kwa simu: mwisho tarehe 30 Septemba, nauli ya kurudi watampa nusu. Hiyo nusu nyingine tumeanza kumwekea dukani.