Masisi/Bweremana: «Ajali haina kinga» si jibu kwa kijana aliyeumizwa na mashine ya mbao

BWEREMANA, wilaya ya Masisi – Kuna neno moja linalofunga mazungumzo kila mara kijana anapoumia katika atelye ya mbao: ajali haina kinga. Patro analisema, mama wa kijana analikubali kwa machozi, majirani wanatikisa kichwa, na kesho yake mashine inawashwa tena kama jana. Neno hilo linaweza kumfaa aliyepigwa na radi ziwani. Halimfai aliyeumizwa na mashine ya kulainisha mbao. Mashine hiyo ina kinga, kinga yenyewe inajulikana, na sehemu kubwa yake hailipiwi hata franga moja.

Ni ile mafundi wanayoiita ponsezi. Upande mmoja ina mkanda wa msasa unaokimbia juu ya magurudumu mawili, upande mwingine ina diski ya msasa inayozunguka mbele ya meza ndogo. Kazi ambayo mkono wenye kipande cha msasa unaimaliza kwa nusu siku, mashine hii inaimaliza kwa dakika chache. Kitanda kinatoka laini, mguu wa kiti unatoka sawa, mnunuzi anaongeza bei bila kusukumwa. Hakuna mwenye akili anayetaka irudishwe ilikotoka. Kinachokataliwa ni desturi ya kuiweka mbele ya kijana ambaye hajafundishwa chochote, kisha kumsingizia Mungu damu inapomwagika.

Mkono ndio shamba lililobaki

Jambo hili lina uzito wa pekee hapa. Tangu Februari 2024, mapigano yalipokaribia Sake na Shasha, jamaa nyingi zilipita kwenye barabara hii ya kandokando ya ziwa zikielekea Bweremana na Minova, na Januari 2025 nyingine zikahama kwa mara ya pili au ya tatu. Walioacha mashamba ya maharagwe na mihogo, ng'ombe na nyumba, walifika na watoto, sufuria na mikono yao. Kwa kijana aliyekimbia, kazi ya mbao ni mojawapo ya kazi chache zisizodai shamba wala diploma. Mkono wake ndio shamba lake lililobaki. Atakayeutoa huo kwa uzembe amemfukuza mara nyingine, na safari hii hakuna bunduki ya kulaumiwa.

Hospitali nazo zisisahauliwe. Zile za Kirotshe na Minova zimepokea wagonjwa na majeruhi katika nyakati ambazo dawa na wauguzi havikutosha. Ndosho, mjini Goma, madaktari wamezoea kupasua watu waliopigwa risasi na mabomu. Risasi haikuchaguliwa na aliyeipata. Ponsezi imewashwa na mtu, kwa kidole chake, asubuhi, akijua. Katika nchi yenye majeraha mengi yasiyozuilika, kuongeza yale yanayozuilika ni aibu.

Kasi ambayo jicho halioni

Wanaosema mashine hii ni «msasa tu, haina meno» wapige hesabu. Diski yenye upana wa sentimita 30, ikizunguka mara 1,450 kwa dakika, ukingo wake unapita zaidi ya mita 22 kila sekunde. Hiyo ni kilomita 80 hivi kwa saa. Hakuna mwendesha motari mwenye akili timamu anayekwenda hivyo kwenye mawe ya barabara ya Sake. Fundi akiunda mashine yake mwenyewe kwa kufunga diski hiyohiyo kwenye mota inayozunguka karibu mara 3,000, kasi inaongezeka mara mbili, na sahani au karatasi ambayo haikutengenezwa kwa kasi hiyo inaweza kupasuka na kuruka.

Tena jeraha la msasa haliko kama la panga. Panga linakata, na daktari anashona. Msasa unakula ngozi, kisha nyama, kisha unafika kwenye mfupa, na wakati huo unapanda ndani ya kidonda chembe za mchanga na vumbi la mbao. Hakuna kingo mbili za kushonwa. Kidonda cha namna hiyo kinaoza upesi kikioshwa vibaya, na kwa ambaye hajapata chanjo ya pepopunda hatari ni ya kifo.

Kinga isiyouzwa dukani

Basi iko wapi hiyo kinga inayosemekana haipo? Ya kwanza ni mahali pa kuweka ubao. Diski inapozunguka, upande mmoja unashuka kuelekea meza na upande mwingine unapanda. Ubao unawekwa upande unaoshuka tu, kwa sababu hapo mashine inaukandamiza mezani. Ukiwekwa upande unaopanda, unarushwa usoni mwa fundi na vidole vinafuata msasa. Sheria hii inafundishwa kwa dakika moja, lakini kuna vijana wanaotumikishwa miezi bila kuisikia.

Ya pili ni meza yenyewe. Nafasi kati ya meza na diski isizidi milimita 2. Ikiachwa pana, kipande chembamba kinamezwa na kidole kinavutwa pamoja nacho. Kwenye mkanda pia, ubao uegemezwe kwenye kizuizi chake, usishikwe hewani. Kipande kidogo kuliko kiganja kisishikwe kwa vidole: kishikwe kwa kibano, au kifungwe kwenye ubao mwingine mrefu.

Ya tatu inawashangaza wengi: glovu hazivaliwi mbele ya mashine hii. Mama anayemnunulia mwanawe glovu anafanya kwa upendo, lakini kitambaa kikiguswa na mkanda unaokimbia kinavuta mkono mzima. Ni vilevile kwa mikono mirefu ya shati, kitenge kilichofungwa kiunoni, bangili, rozari shingoni na nywele ndefu zisizofungwa. Cha kuvaa ni miwani ya kazi machoni, vizibo masikioni, na barakoa inayobana vizuri puani.

Barakoa hiyo si mapambo. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la kwanza la vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu, hasa ya pua na mifuko yake. Kansa hiyo haiji leo. Inakuja baada ya miaka mingi, wakati patro ameshasahau jina la kijana. Kabla yake kuna kikohozi, pumu na macho mekundu. Kitambaa kilichofungwa mdomoni kinazuia vumbi kubwa linaloonekana na kupitisha lile jembamba linaloshuka mapafuni. Asiyeweza kupata mashine ya kufyonza vumbi afungue kuta: kibanda chenye pande mbili wazi, hewa ya ziwa ikipita, kinasaidia kuliko chumba cha mabati kilichofungwa.

Mashine chafu ni mashine ya hila

Utunzaji ndio sehemu inayodharauliwa zaidi, na ndiyo inayowaponza hata mafundi wazee. Kabla ya kubadili mkanda au kugusa chochote ndani, waya unachomolewa kwenye umeme. Kuzima swichi hakutoshi. Jenereta inaweza kuwa imezimika kwa kukosa mafuta, kijana akaingiza mkono ndani, mwenzake nje akaiwasha. Mwenye mkono ndani ndiye awe na ncha ya waya karibu naye, aione kwa macho yake.

Mkanda una mshale upande wa ndani, nao ufuate njia ya mashine. Ukivalishwa kinyume, kwa mikanda mingi kiungo chake kinafunguka. Baada ya kuuvalisha na kuukaza, fundi auzungushe kwa mkono kwanza, aone kama unakaa katikati ya magurudumu, ndipo awashe kwa muda mfupi akiwa amesimama pembeni. Mkanda uliochanika ukingoni hata kidogo unatupwa. Ndiyo, ni ghali. Lakini mkanda unaokatika katika mwendo ni kiboko. Mikanda ya akiba itundikwe mahali pakavu, maana unyevu wa ziwa unailegeza gundi. Utomvu wa mbao kama sipresi ukijaza msasa, usafishwe kwa kipande cha mpira laini wa krepu badala ya kuukandamizia ubao kwa nguvu: anayesukuma kwa nguvu ndiye anayeteleza.

Na moto? Mbao za zamani zilizong'olewa kwenye makasha na nyumba zilizobomoka zina misumari. Msumari mmoja uliosahauliwa unachana mkanda na kutoa cheche, na cheche ikianguka kwenye vumbi lililojaa chini ya mashine inaweza kulala humo ikifuka hadi usiku. Misumari ing'olewe kwanza. Chuma kisinolewe kwenye mashine yenye vumbi la mbao. Mbabula ya chai na dumu la petroli vikae mbali. Jenereta ikae nje, kwa sababu moshi wake unaua bila kelele. Vumbi lifagiliwe kila jioni, na atakayelifagia avae barakoa.

Visingizio vitatu

Mapatro wana majibu, na yanastahili kujibiwa. La kwanza: «Nimefanya kazi hii miaka ishirini na vidole vyangu vyote vipo.» Heri yake. Aliyevuka barabara miaka ishirini bila kugongwa hajathibitisha kwamba magari hayaui. Pengine vidole vyake vimepona kwa sababu anajua asichomwambia mwanafunzi wake.

La pili: «Watu wana njaa, wewe unaleta habari za miwani.» Njaa ndiyo sababu. Mwenye shamba akiumia mkono, ndugu watamlimia. Mkimbizi akiumia mkono, jamaa nzima inakosa unga juma hilo hilo, na dada zake wanaacha masomo kwenda kubeba mizigo. Bei ya miwani na barakoa haifiki bei ya bandeji na usafiri wa siku chache kwenda hospitali.

La tatu ni kwamba kazi ya mtaani haina sheria. Inayo. Sheria ya kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamdai mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi wake. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inayolinda mtoto inakataza kumtia aliye chini ya miaka 18 katika kazi inayohatarisha afya na usalama wake. Mtoto wa miaka 13 anayeshikishwa ubao mbele ya diski hajifunzi kazi, anatumikishwa kinyume cha sheria. Hata mdogo wake anayekuja kuokota maranda ya kupikia asipite chini ya mashine inayozunguka. Maranda yawekwe nje, mlangoni, ayachukue huko. Na kijana asiyeandikishwa kwenye mfuko wa taifa wa usalama wa jamii, CNSS, akipoteza kidole hana dirisha la kugonga. Patro anajua hivyo, na ndiyo maana neno «ajali» linamjia haraka mdomoni.

Msaada nusu ni mtego

Lawama isiishie kwa mapatro. Wapo wafadhili wanaofurahia kumkabidhi kijana mashine mpya, picha inapigwa, makofi yanapigwa, gari linaondoka. Mashine bila mafunzo, bila miwani, bila mikanda ya akiba, ni msaada nusu. Mkanda wa kwanza ukiisha, kijana anaunganisha vipande kwa gundi ya viatu, na hapo hatari inaanza. Mwenye kutoa mashine atoe pia siku za mafunzo kwa Kiswahili, kwa mikono, mbele ya mashine yenyewe, na arudi baada ya miezi mitatu kuona kinga kama bado ipo mahali pake. Asiyeweza hayo atoe randa na misumeno ya mkono. Hakuna aibu katika randa.

Wakuu wa mitaa na vyama vya mafundi wanaweza kuanza bila kungoja mtu wa Goma wala Kinshasa: atelye isiyo na maji ya kuosha jeraha, ndoo ya mchanga wa kuzimia moto na mtu mmoja anayejua huduma ya kwanza isiruhusiwe kuchukua wanafunzi. Wazazi nao, wenyeji na wakimbizi, wana haki ya kuingia atelye kabla ya kumwacha mtoto wao humo. Waulize nani atamfundisha, kwa siku ngapi, kabla ya kuigusa mashine. Waulize miwani na barakoa viko wapi, wavione. Waulize mtoto akiumia nani atalipa hospitali, na jibu lisemwe mbele ya shahidi.

Patro atakayekasirika kwa maswali hayo ameshajibu. Mzazi amshike mtoto wake mkono, ungali mzima, warudi nyumbani.