Nyuma ya gari pasiwe na mtu

Gari linapopandishwa kwenye bodi ya lori, nyuma yake pasisimame mtu hata mmoja. Hilo ndilo tunalotaka likubaliwe na kila mtu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na tunataka likubaliwe kabla mvua hazijageuza udongo wetu mwekundu kuwa utelezi.

Kazi yenyewe wengi tumeiona. Vitz imekufa injini. Gereji yenye vifaa iko Lilongwe, kama kilomita 45 kwa barabara ya M1. Ukiita gari la kukokota kutoka mjini, unalipia safari ya kuja na ya kurudi. Canter iliyoshusha mzigo hapa inarudi tupu, na dereva wake anakubali bei ya maelewano. Hatuoni kosa hapo. Mwenye kipato kidogo atafanya nini kingine? Kosa linaanza pale mbao mbili zinapoegemezwa kwenye bodi, mmoja akaketi kwenye usukani, vijana saba au wanane wakaweka mabega kwenye buti, na mwingine akainama karibu na tairi ameshika jiwe, tayari kulisukumia chini ya gurudumu gari likirudi.

Hesabu yake ni nyepesi. Sakafu ya Canter iko karibu mita moja kutoka ardhini. Kwa mbao za mita tatu, gari likiwa lote juu ya mbao, theluthi ya uzito wake inavuta kurudi chini. Vitz au Passo ina kilo 900 na ushei. Basi mabega yale yanazuia kilo 300, na wenye mabega wamevaa kandambili juu ya changarawe. Mmoja akiteleza, mzigo wake unawaangukia wenzake papo hapo. Hakuna atakayepata nafasi ya kuruka pembeni, kwa sababu wamebanana.

Aliye kwenye usukani naye hana msaada mkubwa. Injini ikiwa imezimika, breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili. Baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe na gari linaendelea kuserereka. Hendibreki inashika magurudumu ya nyuma tu, na katika gari kuukuu kebo yake imeshalegea. Yule mwenye jiwe ndiye tunayemwonea huruma zaidi, maana kichwa chake kiko usawa wa tairi.

Gari linalowaka lina hatari yake. Tairi inayozungushwa na injini hupanda kwa kuusukuma ubao nyuma. Ubao usiofungwa unachomoka kwenye ukingo wa bodi, hasa dereva anapoongeza mafuta akikaribia juu. Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema mbao nene zinatosha. Unene unazuia kuvunjika, hauzuii kuchomoka.

Halafu kuna lori lenyewe, ambalo watu hulisahau. Katika malori mengi madogo ya aina hii, hendibreki haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye gia boksi. Gurudumu moja la nyuma likiwa kwenye matope au mchanga, difu inaliachia lizunguke kinyume, na lori linasogea huku hendibreki imevutwa hadi mwisho. Kuliacha kwenye gia hakusaidii, sababu ni hiyo hiyo. Linalosaidia ni kabari ngumu mbele na nyuma ya magurudumu, zilizopigwa zikakaa, kabla ubao wa kwanza haujaegemezwa.

Dawa ya kwanza haina gharama ya kutisha: ardhi. Lori likirudishwa nyuma hadi kwenye tuta la sentimita 60, gari linabaki na kupanda sentimita 40 tu. Kwa mbao zilezile za mita tatu, zile kilo 300 zinashuka kuwa 120. Wapo wanaochimba mashimo ya magurudumu ya nyuma ili bodi ishuke. Sisi tunapendelea tuta, kwa sababu lori lililotumbukizwa nyuma linabaki limeinama, na gari likishafika juu bado linataka kurudi. Tuta libaki wima upande wa lori, lijengewe kwa mawe ili lisibomoke kwa mvua ya kwanza, na nyuma yake liwe na mteremko mrefu wa kuingilia.

Tatizo la Dzaleka ni nafasi. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 na ilikusudiwa watu kama 10,000; leo tumepita 50,000, na mwaka 2023 waliamriwa kurudi hata wale waliokuwa wamejenga maisha yao Lilongwe na miji mingine. Kwa hiyo magari yanapandishiwa palepale yalipofia, kwenye njia ya watu, katikati ya meza za nyanya na watoto waliokuja kutazama. Tunawaomba viongozi wa jamii wakae na uongozi wa kambi, watenge kipande kimoja cha ardhi pembeni mwa njia kuu na kuruhusu tuta lijengwe. Gari lililokufa linaweza kusukumwa tambarare hadi hapo bila mtu kuumia.

Dawa ya pili ni vyuma. Mafundi wetu wa kuchomelea, wanaotengeneza milango na madirisha kila siku, wana uwezo wa kutengeneza jozi ya vyuma vya kupandishia: chaneli mbili kwa kila kimoja, zikiunganishwa na vipande vya nondo vilivyopangwa karibu karibu ili tairi ishike, na juu ndoano ya kukaa kwenye ukingo wa bodi. Ndoano peke yake haitoshi. Iongezewe mnyororo unaofungwa kwenye fremu ya lori. Vyuma vipimwe kwanza vikiwa vimeinuliwa kidogo tu kutoka chini, kwa mzigo mzito kuliko gari lolote litakalovipanda. Na visiegemezwe kwenye mlango wa nyuma wa bodi uliolazwa, kwa sababu bawaba zake hazikutengenezwa kubeba gari.

Cha tatu ni winchi ya mkono. Hiyo ndiyo inayowaondoa vijana kwenye buti. Inafungwa mbele ya bodi, mahali penye chuma kilichoshikana na fremu, na upande wa pili unashika pete ya kuvutia ya gari. Katika baadhi ya magari madogo ya Japani pete hiyo hukaa kwenye buti pamoja na jeki, na hufungwa kwa kuzungushwa kwenye tundu lililojificha nyuma ya kifuniko kidogo cha bampa. Kamba isifungwe kwenye mikono ya usukani, inapinda. Winchi inapanda polepole, na polepole ndiyo tunayoitaka: mvutaji akichoka, meno yake yanashika na gari linasimama lilipo. Kamba ikishakaza, asikae mtu kwenye mstari wake wala asiruke juu yake.

Jozi moja ya vyuma na winchi moja, mali ya jamii, vikodishwe kwa ada ndogo ya kuvitunza. Tunaamini wenye magari watachanga, maana gari likianguka hasara ni yao kwanza. Redio yetu ya jamii inaweza kutangaza vinapopatikana.

Gari likiwa juu, lifungwe pembe zote nne na kuwekewa kabari, hendibreki ivutwe, na asipande mtu ndani yake wala kando yake kwenye bodi hadi Lilongwe. Utingo akae mbele na dereva.

Vyuma na winchi visafiri na lori. Gereji nyingi za mjini hazina tuta, na kushusha ni hatari kuliko kupandisha, kwa kuwa gari linakwenda linakotaka kwenda. Winchi ifungwe kabla kabari hazijatolewa, iachiwe kidogo kidogo, na chini ya vyuma pawe patupu. Anayevikodi aache dhamana, avirudishe kwa lori lilelile au linalofuata, ili mwingine naye asilazimike kuita vijana.