Saa ya faiawali si saa ya ukutani

Jamani, hii tabia ya kufunga intaneti kwa saa inatuaibisha sisi mafundi.

Majuzi niliitwa kwenye ofisi fulani hapa Nairobi. Bosi alitaka video zifungwe saa za kazi, na fundi aliyenitangulia akaandika kwenye iptables: -m time --timestart 08:00 --timestop 17:00. Kwa macho, safi kabisa. Lakini asubuhi watu walitazama mpira wa jana mpaka saa tano, halafu vijana wa zamu ya jioni wakakuta masomo yao ya video yamefungwa hadi saa mbili usiku. Wakaamini bosi anawaandama, wakaandika barua.

Hakuna aliyewaandama. Iptables huhesabu kwa UTC, nasi tuko saa tatu mbele. Saa 08:00 yake ni saa tano yetu. Mwongozo unasema hivyo waziwazi, ila nani husoma mwongozo? (Nami nilishawahi kunaswa, tena nikailaumu ruta!) Andika 05:00 hadi 14:00 basi, Kenya haibadilishi saa kwa misimu, hesabu hiyo itadumu mwaka mzima. Au ongeza --kerneltz.

Ila ugomvi wangu si hesabu. Kwenye seva nyingi kanuni ya juu kabisa huruhusu miunganisho iliyokwisha kuanza, ile ya ESTABLISHED. Kwa hiyo aliyeanza kupakua filamu saa mbili kasorobo anaendelea nayo mpaka iishe, na aliyechelewa dakika moja baada ya saa mbili anafungiwa mlango. Hizi ruta za bei rahisi nazo, nyingi hazina betri ya saa. Stima ikipotea na kurudi, ruta haijui ni saa ngapi mpaka iulize mtandaoni. Sheria gani hii ya kutegemea stima?

Nilipombana bosi, akasema laini inajaa. Sasa si useme hivyo! Laini hugawanywa kwa tc: barua pepe na kazi za ofisi zitangulie, video zipate masalio. Mwenye mpira wake atautazama ukikwamakwama, na mwenye masomo atasoma jioni laini ikiwa tupu. Kama shida ni mfanyakazi mvivu, muite umwambie. Usimtume fundi.

Ile kanuni niliing'oa Ijumaa, bosi akiwa amesimama nyuma yangu. Barua ya vijana bado hajaijibu.