Shujaa wa fotokopi, mali ya mchoraji wake

Mwaka 1938 vijana wawili waliokuwa wakiishi Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki za Superman kwa dola 130. Waliotajirika ni wengine.

Javier Hernandez, mchoraji wa California mwenye asili ya Mexico, alichagua njia ndefu. Mwaka 1998 alitunga, akachora na kujichapia mwenyewe katuni ya El Muerto. Shujaa wake ni Diego, kijana anayeuawa na miungu ya Waazteka siku ya kuzaliwa kwake, kisha anarudi duniani. Toleo la kwanza lilikuwa fotokopi tu.

Kujichapia ni kazi ngumu: gharama ni zako, na nakala zisipouzwa zinarudi nyumbani kwako. Lakini hakuna mkubwa wa kampuni anayekuambia umbadilishe Diego jina ili apendwe na wengi. Wanaosema hiyo ni kazi ya wasiojiweza wanakosea. Mwaka 2007 El Muerto ilitolewa kama filamu, Wilmer Valderrama akicheza Diego. Baada ya filamu, Hernandez aliendelea kumchora na kumuuza shujaa wake mwenyewe.