Acheni Kutuambia "Ongeza RAM Tu"

Kwenye mahafali ya kidato cha nne niliyoalikwa hivi karibuni, mgeni rasmi alikabidhi kompyuta za mezani alizopewa na marafiki zake wa Ulaya. Mkuu wa shule akapokea moja kwa niaba ya wenzake, picha zikapigwa, akina mama wakapiga vigelegele. Kisha mgeni rasmi akaishika tena maikrofoni, maana wageni rasmi hawajui kuaga, akasema: "Ni za zamani kidogo, lakini si neno. Mtaongeza RAM tu, zitakuwa kama mpya." Ukumbi mzima ukaitikia kwa makofi. Mimi nilibaki nimeduwaa na soda yangu mkononi. Sentensi hiyo nimeshaisikia kwa shemeji yangu, kwa mhasibu wa ofisini na kwa kinyozi. Sasa imepanda jukwaani imevaa suti.

Nasema hivi, na nitasema mpaka nichoke: hatima ya kompyuta ya mezani haiko kwenye RAM. Iko kwenye bodi. Mazabodi, lile bamba lililolala ndani ya kasha ambalo kila kitu kimechomekwa juu yake, ndilo linaloamua RAM ya aina gani itaingia, itaonekana kiasi gani, prosesa ipi itakubalika na diski itakimbia kwa kasi gani. Siku bodi ilipotoka kiwandani, mwisho wake ulikuwa umeshapangwa. Mwisho huo haujadiliwi na fundi wala hauombewi.

Tuanze na hiyo RAM yenyewe. Mpaka leo watu wanauziwa kompyuta za enzi za Core 2 Duo zilizofutwa vumbi na kubandikwa stika mpya. Fungua makasha kadhaa, hutakosa kukutana na bodi yenye chipseti ya Intel G31 au G41. G31 ya mwaka 2007 inaishia GB 4. G41 iliyoifuata mwaka 2008 inaishia GB 8. Ukichomeka zaidi ya hapo, ama haiwaki, ama inalia, ama inajifanya haijaona kitu.

Tena si kila RAM inaingia kila mahali. DDR2 na DDR3 za kompyuta ya mezani zote zina pini 240 na urefu ule ule, ila pengo lililokatwa kati ya meno yake limesogezwa makusudi ili mtu asizichanganye, kwa sababu moja inatumia volti 1.8 na nyingine volti 1.5. DDR4 ina pini 288 na volti 1.2. Wahandisi waliliweka pengo lile liwe amri, mafundi wetu wakalichukua kuwa ni ushauri. Nimeona kwa macho yangu kipande cha DDR3 kikisukumwa kwa kidole gumba kwenye sloti ya DDR2 huku fundi akitabasamu: "Inabana tu kidogo bosi, ni mpya."

Halafu kuna Windows. Kompyuta nyingi za shule na za stesheneri zimewekewa ile ya biti 32, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kwenye flashi ya fundi siku hiyo. Biti 32 zinatoa anwani 4,294,967,296 na si zaidi, yaani GB 4, na sehemu ya anwani hizo huchukuliwa na kadi ya grafiki na vifaa vingine. Weka GB 8 humo, kompyuta itakuandikia bila aibu yoyote kwamba inayotumika ni GB 3 na ushee. Lakini nani anafungua dirisha hilo asome? Mteja ameshalipa, ameshaambiwa mashine iko freshi, anarudi nyumbani akihisi inakimbia. Kuhisi ni bure. RAM alinunua.

Mwaka jana nilimsindikiza mtoto wa dada yangu Kariakoo kuongeza RAM ya kompyuta aliyorithi kwa baba yake. Bodi ilikuwa G41 ya DDR3. Fundi akachomeka kipande cha GB 4, akawasha: pii, pii, pii. Akakichomoa, akatoa raba ya penseli kwenye droo, akayasugua meno ya dhahabu mpaka yakang'aa, akapuliza, akachomeka tena. Pii, pii, pii. Akahamisha sloti. Pii, pii, pii. "Mzee wangu, hii RAM imekufa, ngoja nikupe nyingine." Nyingine ikalia vile vile. Nikaviomba vipande vyote viwili nikazihesabu chipu zake: nane upande mmoja, upande wa pili mtupu. Maana yake kila chipu imebeba MB 512, na G41 haitambui chipu inayozidi MB 256. Inataka kipande cha GB 4 chenye chipu kumi na sita, nane mbele na nane nyuma. RAM haikuwa imekufa. Ilikuwa nzima kabisa, ila ilizaliwa baada ya bodi.

"Mjomba, sasa tufanyeje?" kijana akaniuliza. Nikamwambia tufunge kasha twende zetu. Fundi akanuna, akadai hela ya kufungua. Hili nalo tutalisema lini? Katika nchi hii unamlipa mtu kwa kufungua skrubu nne na kutokujua alichokikuta ndani. Haya, turudi kwenye bodi.

Wanaojiona wajanja zaidi husema: basi badilisha prosesa. Kwa bodi ipi? Intel ilikuwa na soketi ya LGA 775 tangu 2004, ikaja 1156 mwaka 2009, 1155 mwaka 2011, 1150 mwaka 2013 na 1151 mwaka 2015. Ukitazama 1156 na 1155 utadhani ni ndugu, pini moja tu imepungua, lakini prosesa ya moja haikai kwenye nyingine. Na hata namba zikilingana bado usishangilie. Prosesa za kizazi cha nane zilizotoka mwishoni mwa 2017 zina miguso 1151, sawasawa na za kizazi cha sita na cha saba. Ziweke kwenye bodi iliyotengenezwa kwa ajili ya hao wawili uone: soketi ni hiyo hiyo, umbo ni hilo hilo, na kompyuta haiwaki. Bodi imekataa.

Na kizazi hicho cha nane ndicho kinachowaliza watu sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, kila mtu akaanza kuitafuta Windows 11. Hebu someni masharti yake. Inataka moduli ya usalama iitwayo TPM 2.0. Inataka bodi inayoweza Secure Boot. Kwa upande wa Intel, orodha ya prosesa zinazokubalika inaanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha nane. Na RAM je? GB 4. Nne tu! Kitu pekee ambacho taifa zima linahimizana kukiongeza ndicho ambacho Windows 11 imekiombea kiasi kidogo. Mwenye Dell OptiPlex 7050 yenye i7 ya kizazi cha saba na RAM ya GB 32 anaachwa nje ya orodha, na mwenye kilaptopu cha Celeron N4000 chenye GB 4 anapita. Muulizeni huyo wa GB 32 zimemsaidia nini mlangoni.

Najua vijana watasema ipo njia ya kuchepuka masharti hayo. Ipo. Lakini toleo la 24H2 la Windows 11, la mwaka 2024, linadai amri ya prosesa iitwayo POPCNT, na Core 2 Duo haina amri hiyo. Windows hiyo haiwaki humo hata kwa kuchepuka. Chepuka basi na hapo.

Kwa upande wa diski, SSD ndiyo yenye nafuu kidogo, na ningekuwa mtu wa kugawa ushauri wa bure ningesema mtu mwenye hela ya kitu kimoja anunue hiyo kabla ya RAM. Lakini hata huko bodi inakungoja. Bodi za zama za G41 zinatumia SATA ya pili, inayopitisha takriban MB 300 kwa sekunde, wakati SSD ya kawaida ya SATA ina uwezo wa kukaribia MB 550. Zile nyembamba za NVMe msizitaje kabisa, bodi za zama hizo hazijui kuwaka kutoka kwenye diski ya namna hiyo. Nayo diski kubwa, ya kupita TB 2, bodi yenye BIOS ya kizamani isiyo na UEFI haiwezi kuwashia Windows kutoka kwenye diski hiyo kwa ukubwa wake wote.

Hata kadi ya grafiki haiponi: jirani yangu anahariri video za harusi, zile zenye mioyo inayorukaruka juu ya kichwa cha bibi harusi. Alinunua kadi ya grafiki ya kuweka kwenye OptiPlex 9020 ya kasha jembamba. Kadi ikawa ndefu kuliko kasha. Fundi akaomba msumeno wa chuma. Simsingizii mtu, niliusikia msumeno kutoka sebuleni kwangu. Walipomaliza kukata wakagundua kwamba kadi inataka umeme wa ziada, ilhali sloti ya bodi haitoi zaidi ya wati 75, na pawa saplai haikuwa na waya wa kulisha kadi. Wakaenda kununua pawa saplai kubwa. Ikafika na plagi ya kawaida ya pini 24, wakati bodi ile ina plagi ya pini 8 ya Dell yenyewe. Siku hiyo harusi ya watu ilihaririwa kwenye simu.

Sasa sikilizeni hoja ya wapinzani wangu, na hii ndiyo inayorudiwa kila kijiweni: "Mbona kompyuta ya stesheneri ya pale kona iliongezwa RAM na inapiga kazi mpaka leo?" Inapiga kazi gani? Inachapa barua ya kuomba kazi na kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa! Kazi hiyo ilifanyika kwa Windows XP yenye MB 256 na barua zikafika. Mwenye stesheneri alipoongeza RAM, fundi alifuta pia virusi, akapuliza vumbi kwenye feni na kuweka Windows upya, kisha sifa zote akapewa RAM. Ukiongeza viti ndani ya Vitz haitakuwa Coaster, hata konda akiapa.

Wengine hunitumia video za Mzungu aliyeifufua kompyuta ya 2009 akaichezea gemu. Amefufua, hongera zake. Mwangalie vizuri: nyuma yake kuna rafu imejaa bodi, prosesa na pawa saplai za kujaribia. Wewe una kasha moja, fundi mmoja na raba ya penseli.

Na hao wafadhili, tusiwaache wapite kimyakimya. Kompyuta isiyoweza tena kupokea Windows mpya ofisini kwao huko, ikifika kwetu inageuka msaada. Mkataba wa Basel wa 1989 ulikuja kudhibiti usafirishaji wa taka hatari, na tangu Januari 2025 taka zote za kielektroniki zinazovuka mpaka zinahitaji ridhaa ya nchi inayopokea. Lakini kifaa kikiitwa "used" na si taka, kinapokelewa kwa ngoma. Kinawekwa kwenye maabara ya shule, kinafunikwa kitambaa cha kufuma, ufunguo anakaa nao mwalimu mmoja aliyehamishwa. Kapasita zinavimbia humo humo. Akija mkaguzi anaambiwa shule ina kompyuta, na kweli zinahesabika.

Mtu mwenye hela ngumu ya kuongezea kompyuta yake afanye jambo moja kabla ya kuitoa mfukoni. Abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike msinfo32, asome jina la bodi na tarehe ya BIOS. Bodi ya OptiPlex 7010, kwa mfano, inapokea mpaka GB 32 za DDR3, na mwenye GB 4 humo ana pa kwenda. Mwenye tarehe ya 2008 hana pa kwenda, na kila shilingi atakayoitia humo itaishia humo. Hela hiyo aiweke, aijazie, anunue mashine yenye bodi nyingine. Na fundi asiyeweza kumtajia mteja mwisho wa bodi yake ni GB ngapi hajui anachouza, ila bei anaijua.