Okello na O'Kelly, Nani Ndugu Yake Nani?

Haya msomaji wangu, leo tuna ugomvi wa jina. Kijana mmoja wa maskani yetu hapa Amani (jina lake naliweka kapuni, maana mama yake husoma ukurasa huu) kaapa mbele ya watu kwamba John Okello, yule wa Mapinduzi ya 1964, alikuwa na damu ya Ireland. Ushahidi wake? Ati jina linaanza na "O", kama O'Brien, O'Connor na O'Kelly! Kitoe kile kialama kinachoning'inia juu, anasema, O'Kelly inakuwa Okelly, na Okelly na Okello ni sawa na Hamisi na Khamis.

Watu walicheka mpaka kahawa ikawapalia. Mie nikasema hebu ngoja, hapa pana stori.

Tuanze na hao wa Ulaya. Ile "O" kwa lugha yao ya asili maana yake ni mjukuu, au uzao wa fulani. "Mac" ni mwana wa fulani. Kwa hiyo O'Kelly ni uzao wa bwana mmoja wa zamani aliyeitwa Ceallach. Mwanamke kwa Kiirishi hapewi "O", yeye ana neno lake, "Ní". Walipotawaliwa na Waingereza, wengi waliiacha ile "O" njiani, wakabaki kina Kelly mtupu. Ndo maana leo akina Kelly wamejaa kila pembe ya dunia na wengine hata hawajui kama jina lao limekatwa kichwa.

Wakubwa wao ni wengi. Seán T. O'Kelly alikuwa Rais wa Ireland kuanzia 1945 mpaka 1959. Gene Kelly ni yule wa sinema aliyecheza dansi kwenye mvua mwaka 1952, mwamvuli mkononi. Grace Kelly, mrembo wa Hollywood, aliolewa na mtawala wa Monaco mwaka 1956 akaacha sinema, akafariki 1982 baada ya ajali ya gari. Dada zetu wa mitindo wanamjua mpaka mkoba wake, ule wa Hermès unaoitwa Kelly, ambao bei yake nikiitaja hapa mhariri atadhani nimekosea sifuri.

Lakini Kelly anayenivutia mie ni Ned. Huyu baba yake alikuwa mfungwa wa Ireland aliyepelekwa Australia kwa lazima. Ned akawa jambazi wa porini, akaua askari, akajitengenezea nguo ya chuma kutokana na vyuma vya majembe ya kulimia ili risasi zisimpate. Zilimpata miguuni. Akanyongwa Melbourne mwaka 1880. Mwaka 1906 wakamtengenezea filamu, na wanaojua mambo ya sinema wanasema ile ndiyo filamu ndefu ya kwanza duniani. Mpaka leo Waaustralia wanabishana: shujaa au muuaji? Wanabishana hadharani, vitabuni, majumba ya makumbusho. Nguo yake ya chuma imehifadhiwa, mtu anakwenda kuitazama. Liweke hilo kichwani, tutalihitaji.

Sasa kwetu Afrika Mashariki. Kijana wetu asione haya sana, maana hata Barack Obama aliufanya utani huo huo. Mwaka 2011 alikwenda Ireland, kijiji cha Moneygall, alikotoka babu mmoja wa upande wa mama yake aliyehama mwaka 1850. Akawaambia Waairishi kwamba amekuja kutafuta kile kialama cha jina lake kilichopotea njiani. O'Bama! Wakampa bia, wakampigia makofi. Lakini lile jina kalitoa kwa baba, na baba ni Mjaluo wa Kenya.

Na "O" ya Wajaluo, Waacholi na Walango haihusu babu. Hiyo ni alama ya mwanamume. Mwanamke hupewa "A". Otieno kazaliwa usiku, dada yake ni Atieno. Ochieng kazaliwa jua liko juu, wa kike ni Achieng. Okoth kazaliwa mvua inanyesha. Na Okello? Okello ni mtoto aliyezaliwa baada ya mapacha. Wa kike ni Akello. Basi! Hakuna babu, hakuna ukoo, hakuna nasaba. Ni taarifa ya uzazi tu.

Waganda nao wana lao, Kizza, mtoto anayefuata mapacha. Kwa hiyo unapomsikia Dokta Kizza Besigye, mpinzani wa Museveni wa miaka nenda miaka rudi, lile jina kwa maana ni Okello tena kwa lugha nyingine. Bara huku wao wana Kulwa na Doto kwa mapacha wenyewe. Nasi Waunguja tusijifanye wageni wa mambo haya: Juma ni wa Ijumaa, Khamis ni wa Alkhamis, Ramadhani, Shaabani na Rajabu ni wa miezi yao. Ukimkuta Juma Mwembeladu na Juma mwingine Chwaka, kuna mtu anauliza kama ni ndugu? Hakuna. Lakini ukitaja Okello wawili, watu haraka wanawafanya baba mmoja mama mmoja.

Ndivyo ilivyokuwa Uganda mwaka 1985. Mwezi wa Julai jeshi lilimpindua Milton Obote kwa mara ya pili maishani mwake. Kiongozi wa mapinduzi Bazilio Olara Okello alishika nchi siku mbili tatu tu, tarehe 27 mpaka 29, kisha akakaa Jenerali Tito Okello Lutwa. Magazeti ya dunia yakaandika "akina Okello" kama kwamba ni duka la familia. Wote wawili Waacholi, ndiyo, lakini si ndugu. Kilichowaunganisha ni jina hilo la mtoto anayefuata mapacha.

Mzee Tito huyu Watanzania wanamjua. Alikimbilia kwetu wakati wa Idi Amin, na mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa makamanda wa Waganda walioingia Kampala bega kwa bega na jeshi letu. Urais wake haukufika hata mwaka. Desemba 1985 alitia saini mkataba wa amani na Museveni mjini Nairobi, Rais Moi kasimama kati, na tarehe 26 Januari 1986 Museveni huyo huyo akaichukua Kampala. Wino ulikuwa haujakauka! Tito akakimbia, akarudi baadaye kwa msamaha, akafariki Kampala mwaka 1996.

Sasa sikia uhondo. Mwaka 2010 serikali ya Museveni ilimpa marehemu nishani ya Kagera kwa kupigana na Amin. Na mwanawe, Henry Oryem Okello, amekuwa kwa miaka mingi Waziri wa Nchi wa Mambo ya Nje katika serikali ya mtu aliyempindua baba yake. Hapo utacheka au utalia, mie nimeshindwa kuchagua. Lakini angalau jina la mzee limetajwa mchana kweupe na kuvishwa medali.

Wapo na wengine. Okello Oculi, mwandishi, alitoa kitabu chake Orphan mwaka 1968, kisha akaenda kusomesha chuo kikuu cha Ahmadu Bello, Nigeria. Grace Akello ni mshairi aliyeingia siasa. Na wapenzi wa mpira wanamjua Allan Okello, winga wa timu ya taifa ya Uganda, aliyetoka KCCA akaenda Paradou ya Algeria, akarudi nyumbani Vipers. Mguu wa kushoto huo, mwacheni!

Tumefika kwa wa kwetu.

John Okello alizaliwa Lango, Uganda, mwaka 1937. Alifiwa na wazazi akiwa mdogo, akazunguka Uganda na Kenya akitafuta kazi za mikono. Mwaka 1959 akafika Pemba. Baadaye akahamia Unguja. Si Muislamu, si mzaliwa, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha bara ya mbali, kizito. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, Waingereza wakiwa wamekabidhi uhuru mwezi mmoja tu uliopita, watu walivamia kambi ya polisi Ziwani na kuchukua bunduki. Asubuhi Sultani Jamshid yuko baharini. Na redioni, Sauti ya Unguja, ikasikika sauti yenye lafudhi ngeni ikijiita Field Marshal, ikitoa amri na vitisho kwa hesabu ya ajabu ajabu ya bunduki na vifo. Waliokuwa hai siku ile, ukiwauliza wanakumbuka nini, wengi wanaanza na sauti ile.

Mzee Abeid Amani Karume akawa Rais. Okello hakupewa wizara. Mwezi wa Machi mwaka ule ule alitoka nje ya kisiwa, alipotaka kurudi akazuiwa, akapelekwa bara, akaishia Kenya na Uganda. Miezi miwili hivi, kashatoka kwenye redio mpaka nje ya mlango. Mwaka 1967 kitabu chake kilichapishwa Nairobi, humo anasema mipango yote ilikuwa yake. Wazee wa Afro-Shirazi wakasema la, mipango ilikuwa ya chama na yule alikuwa sauti tu. Mwaka 1971 alionekana Uganda, Idi Amin kashashika nchi. Baada ya hapo kimya. Wengi wanaamini Amin alimmaliza. Kaburi lake halijulikani.

Na Jamshid? Aliishi Uingereza miaka zaidi ya hamsini, mwaka 2020 akaruhusiwa kurudi Oman, akafariki Muscat tarehe 30 Desemba 2024 na kuzikwa huko. Aliyepinduliwa ana pa kuombewa dua. Aliyetangaza kumpindua hana.

Mie nakaa karibu na uwanja wa Amaan. Kila tarehe 12 Januari shamrashamra zikifanyika hapo, gwaride nalisikia mpaka chumbani. Mwaka 2024, Mapinduzi yalipotimiza miaka 60, uwanja ulikuwa umetoka kukarabatiwa unang'ara kama bibi harusi. Majina hutajwa, na wanaotajwa wanastahili. Uwanja wa ndege una jina la Karume. Amani ni jina la baba yake Mzee Karume, na mwanawe Amani Abeid Karume, aliyekuwa Rais 2000 mpaka 2010, karudishiwa jina la babu. Unaona? Hapo sisi na Waairishi tumekutana: mjukuu anabeba babu. Lakini Okello hana barabara, hana skuli, hana hata kituo cha daladala. Na mie, kuzaliwa hapa na kusoma hapa, sijapata kukaa dawati moja na mtoto anayeitwa jina hilo. Somo la historia nililosoma mie lilimpitia kwa sentensi moja, mwalimu akageuza ukurasa.

Sisemi ajengewe sanamu, wala msinishike shati! Siku zile watu wengi waliuawa, wengine hawakuwa na kosa lolote zaidi ya nasaba yao. Kuna nyumba hapa mjini, jina hilo likitajwa barazani, bibi anainuka anaingia ndani bila kuaga. Bibi huyo ana haki yake. Wengine babu zao walikuwa vibarua wasio na kitu, na kwao Januari ile ndiyo iliyowafungulia njia ya kupata ardhi. Nao wana haki yao. Ninachotaka mie ni kidogo: kwenye kitabu cha skuli pawe na ukurasa wake kamili, aliyofanya na yaliyofanywa na watu aliowaamuru, watoto wabishane darasani kama Waaustralia na Ned wao. Kwani tunaogopa nini? Sauti ilisikika kisiwa kizima. Huwezi kumwambia mtu mzima kwamba hakuisikia.

Haya, tutoke huko, mhariri kashaanza kukohoa.

Kuna jirani yangu mmoja ana mapacha wa kiume, watundu kama nini, na sasa ana mimba nyingine. Juzi nikamtania: "Dada, kwa Walango huyo anayekuja ashapata jina. Wa kiume Okello, wa kike Akello." Akacheka, akalirudia la kike mara mbili tatu mdomoni, Akello, Akello. Zuri hilo, akasema, linafaa hata kwa taarabu.

"Na la kiume?" nikamuuliza.

Akatazama mlangoni kwanza. "Hilo, mdogo wangu, lisubiri kidogo. Mama mkwe yumo ndani."