Bweni Lililokataa Kugawanyika

Alfajiri ya Aprili 30, 1997, waasi walivamia Seminari Ndogo ya Buta, mkoani Bururi, kusini mwa Burundi. Waliingia bwenini kwa wanafunzi wa madarasa ya juu na kutoa amri: Wahutu wakae upande wao, Watutsi upande wao. Vijana wakakataa. Risasi na maguruneti vikafuata, na waseminari 40 wakauawa, Wahutu na Watutsi pamoja.

Wiki sita kabla ya hapo, wanafunzi wa sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, walipewa amri kama hiyo na wavamizi wa usiku. Nao walikataa, na baadhi yao wakapoteza maisha. Leo Rwanda inawahesabu miongoni mwa mashujaa wa taifa.

Wengi husimulia habari za Buta kana kwamba ujasiri ule ulishuka ghafla. Haukushuka ghafla. Burundi ilikuwa imetumbukia vitani tangu Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye, na chuki iliyokuwa nje ya seminari iliingia hadi ndani. Vijana wale walitoka katika familia zenye misiba, na kila upande ulikuwa na simulizi lake juu ya nani muuaji na nani muuawa.

Gombera wao, Padri Zacharie Bukuru, ambaye baadaye aliandika kitabu juu yao, hakuwaambia wanyamaze ili amani ionekane. Aliwaketisha wakazungumzia ukabila na mauaji waziwazi, wakisikilizana hata pale maneno yalipouma. Wakasali pamoja, wakacheza mpira pamoja, wakacheza ngoma pamoja. Kijana aliyekwisha kumsikia mwenzake akimlilia ndugu aliyeuawa hawezi tena kumwona kama Mhutu tu au Mtutsi tu. Kwa hiyo amri ya bwenini iliwakuta watu ambao jibu lao lilikuwa limeandaliwa siku nyingi.

Hapo ndipo Wakristo wa Afrika Mashariki wanapopaswa kujitazama. Tangu miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa ukanda huu wamezifanya jumuiya ndogondogo kuwa msingi wa maisha ya parokia. Majirani hukutana nyumba kwa nyumba, husoma Injili, huchangia misiba na harusi. Lakini yale yanayowatenganisha kwelikweli, kura, kabila, ugomvi wa uongozi kanisani, mara nyingi hayaguswi. Sala ya kufunga ikiisha, kila upande hurudi kwenye kundi lake la WhatsApp, na huko jirani wa jioni ile anaitwa msaliti.

Yesu alipoagiza adui apendwe, hakumtaka mtu aache msimamo wake wala avumilie dhuluma kimyakimya. Mtu anaweza kupinga hoja ya mwenzake kwa nguvu zote na bado akampelekea uji anapougua.

Basi maparoko na wenyeviti wa jumuiya wasisubiri kampeni zianze. Watenge jioni chache mapema, wenye misimamo tofauti waketi, wasemezane wazi mbele ya Injili, na waanze na swali moja: nani ameacha kumsalimia nani, na kwa sababu gani? Kazi hii haihitaji mfadhili wala ukumbi wa hoteli, na inaweza kuanza kwenye kikao cha wiki ijayo.